Fundi saa aliyeuliza maiti ya bakteria huenda wapi

Saa moja kasorobo asubuhi. Nje kumeshapambazuka vizuri, lakini ndani ya chumba hiki kila kitu ni chekundu. Kuta ni nyekundu, masanduku ni mekundu, na hata mikono ya mwenye chumba, inayofungua kifuniko cha sanduku namba kumi na saba, inaonekana myekundu. Darini inawaka taa moja tu, na ndiyo inayofanya mambo yote haya.

"Ingia taratibu, mwanangu, na usipumulie masanduku," ananong'ona. "Pumzi ya mtu hawaitaki kabisa."

Mwandishi wa makala haya, ambaye hata nzi wakubwa huwaogopa, anasimama karibu na mlango na kubana pumzi.

Ndani ya sanduku, nyuki wanene wenye manyoya, kila mmoja karibu ukubwa wa ncha ya kidole gumba, wanatambaa juu ya vijungu vya nta. Mgongoni kila mmoja ana kibandiko kidogo chenye namba. Mmoja anamgeukia mzee huyu na kuunyanyua mguu wake wa kati juu, ukabaki hapo hewani.

"Huyo ananiambia nimesogea mno," anasema na kurudisha kifuniko polepole. "Akinyanyua na wa pili, mimi nimeshaondoka. Nina miaka thelathini na tatu ya ndoa, najua mtu akichoka na wewe anakuwaje."

Hawa si nyuki wa asali tuliowazoea. Ni bambi, jamaa zao wakubwa wenye manyoya mengi, wanaoishi katika familia ndogo za nyuki mia moja hadi mia mbili chini ya malkia mmoja. Macho yao hayaoni wekundu. Kwao chumba hiki ni giza totoro, kwa hiyo wanatulia na kutembea badala ya kuruka. Anayeona hapa ni binadamu peke yake.

Binadamu mwenyewe ana miaka sitini, ni mwembamba, na huchechemea kidogo mguu wa kushoto. Jengo zima la utafiti linamwita Fundi Saa, au Fundi tu. Amewatunza bambi hawa kwa miaka kumi na minane, masanduku arobaini na sita kwa sasa, ingawa katika orodha ya mishahara bado ni mfanyakazi wa usafi, daraja lile lile alilopewa alipoajiriwa. Amebakiza miezi kumi na minne astaafu.

Na leo, kabla ya saa sita mchana, huenda akatolewa katika chumba hiki na kupelekwa kuosha chupa. Inategemea visahani thelathini vilivyolala kwenye kabati la joto, ghorofa ya juu, ambavyo vitafunguliwa saa nne.

"Sikulala," anakiri. "Mke wangu naye hakulala, maana kila baada ya muda nilikuwa namwamsha kumwuliza kama amelala."

Kabla ya nyuki, zilikuwa saa. Kwa miaka ishirini na miwili alikaa na meza yake ndogo kwenye kibaraza cha duka la vitambaa, lenzi jichoni, kibano mkononi, akifungua matumbo ya saa za watu. Siku za neema alikuwa akitengeneza saa arobaini kwa wiki. Kisha simu za mkononi zikaingia kila mfuko.

"Wiki ya mwisho nilitengeneza saa mbili," anasema. "Moja ilikuwa yangu."

Alifunga meza, akaomba kazi ya kupiga deki katika jengo la utafiti lililokuwa linatafuta watu. Aliifanya kwa karibu mwaka mmoja bila mtu kujua alikotoka. Asubuhi moja alikuwa akipiga deki karibu na meza ambapo mtafiti mmoja alikuwa anahangaika kubandika namba kwenye migongo ya bambi waliolazwa kwenye barafu ili wapoe na kutulia. Namba nne alikuwa ameshazibandika kwenye kidole chake mwenyewe.

"Nikaegemeza ufagio ukutani, nikamwambia, dada, hebu nipe hicho kibano. Nilibandika namba sita kabla hajamaliza kuniuliza mimi ni nani." Anacheka. "Nyuki na saa ni mamoja. Vyote vina tumbo, na vyote ukivibana sana vinasimama."

Tangu siku hiyo hakurudi kwenye deki. Lenzi yake ya kazi ya zamani, iliyoparuzika pembeni, bado inaning'inia shingoni kwa uzi mweusi.

Lakini ukimwuliza kwa nini amekaa miaka yote hiyo kwenye chumba cha joto na harufu ya maji ya sukari, hazungumzii mikono. Anakunja suruali na kuonyesha kovu juu ya kifundo cha mguu, refu kama kijiko cha chai.

Alikuwa na miaka kumi na mmoja alipokanyaga ubao wenye msumari, ukamchana hadi huku juu. Mguu ulivimba, ukaoza. Kwa siku arobaini hakutoka kitandani, na kuna wiki ambayo mama yake alikuwa ameshaanza kumlilia. Halafu homa ikashuka, yenyewe. Muuguzi aliyekuwa akimsafisha alimwambia mama: damu ya mwanao imepigana.

"Neno hilo liliniingia," anasema. "Nililala pale najiuliza, imepigana kwa kitu gani? Haina mikono, haina fimbo. Nilimwuliza mwalimu, nikamwuliza daktari, wakaniona msumbufu. Nilivyofika hapa nikakuta watu wazima wenye vyeti vyao wanauliza swali lile lile, ila wanawauliza nyuki. Ningeondokaje?"

Anayeongoza kazi hiyo ni mwanamke wa makamo mwenye miwani inayoteleza puani, ambaye kila mtu anamwita Profesa. Anazungumza haraka na mikono yake haitulii.

"Bambi hana damu nyekundu kama yetu. Yake ni maji maji yasiyo na rangi," anaeleza ofisini kwake. "Lakini bakteria akipenya ngozi yake, yanatokea mambo. Kwanza kidonda kinazibwa, kesho yake unakuta doa jeusi pale. Kuna chembe ndani ya damu, hizo zinamvamia mgeni na kummeza. Halafu yale mafuta ya tumboni, ambayo ungedhani ni akiba ya chakula tu, yanageuka kiwanda. Yanatengeneza protini ndogo sana zinazomtoboa bakteria. Ukingoja mpaka kesho yake ukachukua tone la damu ile, unakuta ni dawa."

Namna ya kuiona dawa hiyo ni rahisi kuliko mtu anavyodhani. Bakteria hai huchanganywa kwenye jeli na kumwagwa ndani ya kisahani cha plastiki. Katikati hutobolewa tundu dogo, na ndani yake huwekwa tone la damu ya bambi. Kisahani hulala kwenye kabati la joto. Asubuhi bakteria wanakuwa wamezaana mpaka jeli yote imekuwa na ukungu, kama kioo kilichopumuliwa. Kama damu ile ilikuwa na dawa, kuzunguka tundu panabaki duara safi ambalo hakuna bakteria aliyethubutu kulisogelea. Kama haikuwa na kitu, ukungu unafika mpaka ukingoni mwa tundu.

Kwa miezi minne Profesa alikuwa akichunguza kama bambi wanaolala na njaa hupigana vibaya kuliko walioshiba chavua. Nusu ya nyuki walichomwa sindano iliyochovywa kwenye bakteria. Nusu nyingine, ambao ndio wa kulinganishia, walichomwa sindano ya maji safi ya chumvi. Hawa wa pili damu yao haikutakiwa kuwa na dawa yoyote ya maana.

Ilikuwa nayo. Kisahani baada ya kisahani, nyuki waliochomwa maji matupu walitoa maduara. Bambi mia tatu na arobaini, na kazi nzima haikuwa inaeleweka.

Mtu wa kwanza kutazamwa akawa yule aliyeshika sindano, Fundi.

Wapo waliokuwa na sababu ya kumshuku. Vibandiko vya mgongoni vilikuwa vya rangi mbili: vyekundu kwa nyuki wa bakteria, vyeupe kwa nyuki wa maji. Sasa chukua karatasi nyekundu na karatasi nyeupe, ziweke chini ya taa nyekundu. Utaapa ni karatasi moja. Aliyeagiza vibandiko hivyo alikuwa ofisini, kwenye mwanga wa kawaida, na hakufikiria vitatumika wapi.

"Aliyeagiza ni mimi," anasema Profesa, bila kuulizwa.

Fundi anasema aliligundua tatizo hilo siku ya kwanza, akalitatua kimya kimya: kila kibandiko chekundu alikikata kona kabla ya kuingia chumbani, akawa anavitambua kwa umbo. Lakini hakumwambia mtu, na hakuandika popote. Alipojitetea, maneno yake yalionekana ya mtu aliyebanwa. Kona zilikuwa zimekatwa kweli, lakini mtu anaweza kukata kona na bado akachanganya nyuki.

"Profesa hakunifokea," anakumbuka. "Angenifokea ningepata nafuu. Aliniambia tu, mzee wangu, labda macho yamechoka. Nikarudi chumbani nikashindwa hata kuwawekea maji ya sukari. Niliumia sana. Mimi mtu akiniambia sijui kusoma nitamkubalia, lakini asiniambie nimemchanganya nyuki wangu."

Nyumbani alikaa ameshika tama. Mke wake, fundi cherehani, ndiye aliyevumilia. "Alikuwa anakula huku anachezesha vidole, kama anashika kitu," anasema mama huyo. "Anarudia kazi yote, hatua kwa hatua, kwenye sahani ya chakula. Anachoma, anafuta, anachoma, anafuta. Nikamwambia, baba, mboga hiyo imeshakufa, kula tu."

Anachoma, anafuta. Siku ya tatu ya kuchezesha vidole, kijiko kilimsimama mkononi.

Hapa inabidi ielezwe siri ambayo Fundi mwenyewe hakujua kama ni siri. Sindano zilizotolewa kwa kazi ile hazikumpendeza. Ncha zake, zikitazamwa kwa lenzi, zilikuwa butu, na alihisi zinawaumiza nyuki bure. Kwa hiyo alichukua moja, akainoa mwenyewe kwenye jiwe la mafuta kwa siku mbili mpaka ikawa nyembamba kama unywele. Aliipenda sindano hiyo. Akaitumia kwa nyuki wote, wa bakteria na wa maji, na kati ya nyuki mmoja na mwingine aliifuta kwa pamba yenye spiriti.

Ndivyo fundi saa yeyote anavyofanya. Ukitoka kwenye saa moja kwenda nyingine, unafuta kibano, ili uchafu wa saa ya kwanza usiingie ya pili. Alifanya hivyo kwa miaka ishirini na miwili na hakuna mteja aliyelalamika.

Asubuhi iliyofuata alipanda ghorofa ya juu kwa mwanamke anayeitwa Mpishi. Kazi yake ni kupika jeli ya visahani, na humtania kila anayepita kwamba lake ndilo jiko pekee mjini ambalo wageni wakishiba wanachinjwa.

"Alikuja akasimama pale mlangoni, kofia mkononi," anasimulia Mpishi. "Nikamwuliza, kaka, kuna nini, umefiwa? Akaniambia, dada, nina swali. Spiriti ikimwua bakteria, maiti yake inakwenda wapi?"

Mpishi alicheka mpaka akashika meza. Akamwuliza kama anataka kuchangia sanda. Akaendelea kucheka, kisha kicheko kikaanza kupungua chenyewe, mpaka akanyamaza.

"Nilinyamaza kwa sababu jibu nililijua," anasema. "Haiendi popote. Inabaki pale pale kwenye sindano. Spiriti inaua, haizoi. Nikamtazama, nikaona na yeye ameshajua. Tukabaki tunatazamana kama wezi."

Profesa anasema watafiti wengi wanajua kwamba mwili wa nyuki unaweza kushtushwa hata na bakteria aliyekufa. "Kinachomshtua ni vipande vya ukuta wa bakteria. Mwili unautambua ukuta, na hauna njia ya kuuliza kama mwenye nyumba yu hai. Ukiona ukuta huo ndani yake, unaanza kutengeneza dawa. Lakini sisi tunazungumzia dozi tunazopima. Mabaki yasiyoonekana, kwenye ncha ya sindano iliyofutwa? Mimi nisingeweka hata dau."

Fundi alikuwa na njia mbili. Angeweza kukaa kimya, akaonekana mzee ambaye macho yamechoka, akamaliza miezi yake akiosha chupa, na watu wangemhurumia. Au angesema, na akisema maana yake ni kwamba hakuchanganya nyuki hata mmoja, lakini ameharibu miezi minne ya kazi kwa sindano ambayo hakuruhusiwa kuitumia.

"Nilipanda zile ngazi nikashuka mara mbili," anasema. "Mara ya tatu nikapiga moyo konde. Kukaa kimya ningeweza, lakini ningekufa sijajua. Mtu amekaa na swali tangu ana miaka kumi na mmoja, halafu jibu liko pale mlangoni, unamwambia lirudi?"

Alimkabidhi Profesa sindano ndani ya kichupa. Profesa akauliza maswali mawili tu. La kwanza: ulifuta mara ngapi? La pili: unaweza kurudia hivyo hivyo, bila kubadilisha kitu?

Wakapanga jaribio dogo. Bambi thelathini, makundi matatu ya kumi kumi. Kundi la kwanza, sindano mpya na maji ya chumvi. La pili, sindano mpya na bakteria hai. La tatu, sindano ya Fundi: ichovywe kwenye bakteria, ifutwe kwa spiriti alivyozoea, kisha ichovywe kwenye maji ya chumvi na kumchoma nyuki. Kama kundi la tatu lingekosa maduara kama la kwanza, basi sindano haina kosa, na aliyekosa ni mtu aliyewachanganya nyuki.

Fundi mwenyewe ndiye aliyetaka namba zifichwe. Mpishi alivipa visahani namba kwa kuokota vikaratasi kwenye kikombe, akaandika orodha, akaifunga kwenye bahasha na kuitia mfukoni. "Nilisema hivyo kwa sababu najijua," anasema Fundi. "Jicho linalotaka kitu hukiona."

Saa nne kamili. Wako watatu kwenye meza ya ghorofa ya juu, na mwandishi ni wa nne, amebanwa kati ya kabati na dirisha. Mpishi anatoa trei. Fundi anafuta lenzi yake kwa pindo la koti, anaipachika jichoni, na uso wake unabadilika. Ule utani wote umeondoka.

"Namba moja. Hakuna." Profesa anaandika.

"Namba mbili. Duara, milimita kumi." Anaweka rula ndogo juu ya kisahani, anainua, anakiweka pembeni.

"Namba tatu. Hakuna. Namba nne. Duara..." Anasita. "Dogo. Milimita nne na nusu."

Duara dogo linaweza kuwa la yeyote. Namba tano, duara kubwa. Namba sita, dogo. Namba saba, hakuna. Kufikia namba kumi na tano jasho limeanza kumtoka, na hewa ya chumba hiki ni baridi. Kisahani cha ishirini na mbili anakishika muda mrefu, anakigeuza kwenye mwanga. "Kivuli cha duara. Andika milimita mbili, lakini weka alama ya kuuliza."

Anafika thelathini. Anaitoa lenzi, imemwachia mviringo mwekundu kuzunguka jicho.

Mpishi anatoa bahasha, imekunjamana kwa kukaliwa. Anaisoma namba kwa namba, na Profesa anachora mstari kwa mstari. Nyuki wa bakteria hai: wote kumi wana maduara mapana, milimita nane hadi kumi na moja. Nyuki wa sindano mpya na maji: wanane hawana kitu, wawili wana vivuli hafifu. Profesa anasema vivuli hivyo si ajabu, kwa kuwa kule kutobolewa tu humshtua nyuki kidogo.

Kisha kundi la tatu. Mpishi anasoma polepole. Nne. Sita. Tisa. Kumi na moja. Profesa anaacha kuandika kabla orodha haijaisha. Tisa kati ya kumi wana maduara madogo, milimita nne, milimita tano, yamekaa safi katikati ya ukungu.

Maiti zilizofutwa, zisizoonekana hata kwa lenzi, zilitosha kuiweka damu ya nyuki chonjo.

Fundi anakaa kwenye kiti. "Kwa hiyo nilikuwa sahihi," anasema taratibu, "kwamba ni mimi niliyeharibu."

Hakuna anayecheka. Profesa amevua miwani na anasugua macho. Miezi minne imekwenda na maji, na sasa anajua imekwenda kwa nini. Mwandishi anatazama sakafu. Mpishi anaanza kupanga visahani ambavyo vimeshapangika.

"Mzee wangu," Profesa anasema hatimaye. "Nilikuambia macho yamechoka."

"Uliniambia."

"Nisamehe."

"Na mimi nisamehe, Profesa. Ile sindano ningekuonyesha siku ya kwanza."

"Ungenionyesha ningekukataza."

"Ndiyo maana sikukuonyesha."

Hapo ndipo Mpishi anapoangua kicheko, na wote wanapata mahali pa kupumulia.

Fundi anabaki chumbani kwake. Kazi ya njaa itaanza upya, kwa sindano mpya kwa kila nyuki, na kila hatua itaandikwa, hata zile ambazo mkono umezizoea mpaka hauziulizi. Vibandiko vitakuwa vyeupe na vya bluu, kwa kuwa chini ya taa nyekundu bluu huonekana nyeusi. Pendekezo hilo ni la Fundi, na safari hii amelisema kwa sauti. Profesa anasisitiza kwamba jaribio la nyuki thelathini ni dogo, lazima lirudiwe mara kadhaa kabla mtu hajatamba nalo popote.

Lakini Fundi hayuko tena kwenye nyuki thelathini. Akili yake imeshashuka ngazi. Katika sanduku namba kumi na saba, lile la asubuhi, wamebaki hai bambi ishirini na sita wa kazi iliyoharibika. Walichomwa maji kwa sindano yake siku kumi na tisa zilizopita. Kwa mahesabu ya kila mtu ni wa kutupwa.

"Si wa kutupwa," anasema. "Kesho yake damu ilikuwa na dawa, hilo tumeliona. Je, siku ya kumi na tisa? Adui hakuwahi hata kuingia, iliingia maiti tu, tena kipande. Damu inaendelea kulinda, au imesahau? Mtu angetaka kulijaribu hilo ingebidi angoje siku kumi na tisa. Mimi wangu wameshangoja."

Profesa anavaa miwani yake na kumtazama. Anauliza kama namba zao za siku ya kuchomwa zipo. Zipo. Anauliza kama ana wengine wa umri huo huo ambao hawajaguswa, wa kulinganishia. Anao, sanduku la ishirini. Alishawatenga tangu juzi.

"Tangu juzi," Profesa anarudia. "Hata visahani hatujavisoma."

"Nilijisemea, nikifukuzwa, atakayekuja awakute tayari."

Wanateremka pamoja, Profesa mbele, Fundi nyuma na mguu wake, akishika ukuta kwenye kila kona. Mwandishi anamwuliza anatarajia jibu gani. Anasimama kwenye ngazi kulifikiria.

"Mguu wangu huu, miaka arobaini na tisa, nikiukwaruza tu unaanza kuwasha pale kwenye kovu. Wenyewe unakumbuka. Nyuki sijui. Ndiyo raha yake, sijui." Anainama na kuligusa kovu. "Ila lile swali langu, damu inapigana kwa kitu gani, nimelipatia jibu. Yale maduara. Ndiyo mikono yenyewe ile."

Miezi kumi na minne iliyobaki anataka kuimaliza kwa swali hilo: damu ya bambi inakumbuka siku ngapi. Akistaafu, anasema, ataomba aruhusiwe kuja siku moja kwa wiki, bila malipo, hata kama ni kukaa tu mlangoni.

Kila sanduku chumbani lina kadi mbele yake yenye mistari mitatu: tarehe, swali, mtafiti. Kwa miaka kumi na minane Fundi amezijaza tarehe kwa mwandiko wake wa taratibu. Mistari mingine miwili haikuwa yake.

Nje ya mlango wa chumba chekundu Profesa anatoa kadi mpya. Anamwacha Fundi aandike tarehe, na anamwacha aandike swali, ambalo halitoshi kwenye mstari wake na linapanda juu ya ukingo. Kisha anaichukua kadi, anachomoa kalamu mfukoni na kuanza kuandika kwenye mstari wa mtafiti.

Fundi anaona herufi za kwanza za jina lake. Anaufunika mkono wa Profesa kwa mkono wake. Macho yamemjaa machozi, na hajisumbui kuyaficha.

"Si kwa kalamu hiyo, Profesa," anasema. "Hiyo ni nyekundu. Humo ndani haitasomeka."

Anampa nyeusi.